Ufunguo wa namba tatu

Jana alasiri nilipita kwa mzee anayetunza mabanda ya kulala wageni kule msituni juu ya mlima, kumjulia hali ya goti lake. Nilimkuta amekaa mkekani chini ya mwembe, mbele yake gunia limetandikwa, na juu ya gunia funguo sita. Alikuwa anazipaka mafuta ya alizeti moja moja, anazifuta kwa kitambaa chekundu kilichochuja, kisha anazirudisha kwenye kamba ileile ya katani niliyoizoea tangu nilipokuwa mwalimu mgeni hapa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Kaa huku, usiikanyage namba tatu. Hiyo imeanza kuliwa na kutu."

Mzee huyu hajalipwa hata shilingi ya ulinzi tangu Aprili 2020. Kibarua chake kilikwisha wiki ileile mabanda yalipofungwa. Lakini kila Ijumaa akitoka msikitini hupanda mlima na fimbo yake, anafungua milango sita, anaacha upepo upite mpaka alasiri, anafunga, anashuka. Nilipomuuliza kwa nini anajisumbua, alisema popo wakishahamia kabisa hawatatoka tena, na atakayeulizwa ni yeye mwenye funguo. Sasa goti limekataa mlima. Wiki mbili milango haijafunguliwa, na ndicho kilichonikalisha usiku huu kuandika.

Jina la msitu wetu na la ofisi inayousimamia sitayataja. Barua yetu ya kuomba mabanda yakarabatiwe iko mezani kwa watu, na sitaki mtu ajikute anasemwa mtandaoni kabla hajajibu. Inatosha kujua kwamba ni msitu wa hifadhi kwenye milima ya Irangi, wilaya ya Kondoa, juu ya kijiji ninachoishi na kufundisha. Anayepajua ameshapajua.

Mabanda ni sita, ya duara, ya tofali za kuchoma, yamepangwa kufuata mkunjo wa mwamba. La saba ni kubwa kidogo, la jiko na kulia chakula. Kila moja lina vitanda viwili vya mninga, meza, na dirisha linalotazama bonde. Maji yalikuwa ya ndoo, taa za sola hafifu, choo kiko hatua arobaini nje na usiku unakwenda na tochi. Bei yake wazazi wa shule ya kata waliimudu, na hilo kwangu ndilo lililokuwa jambo kubwa kuliko yote.

Mwaka 2014 niliwapeleka wanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu, 38, tukalala siku mbili. Wasichana tuliwapanga wanne wanne mabandani, wavulana kwenye mikeka katika banda la chakula. Wengi wamezaliwa chini ya mlima huohuo na hawakuwahi kulala juu yake. Usiku wa kwanza komba walianza kulia mtini, ile sauti yao kama ya mtoto mchanga aliyeachwa peke yake, na wasichana wa banda la tatu wakatoka mbio, shuka mabegani. Mzee hakuwakemea. Aliwakalisha nje, akaomba tuzime taa zote, akamulika tochi juu ya mti polepole mpaka macho ya komba yakawaka, mawili, kisha manne, kisha mengi. Hakuna aliyerudi kulala kabla ya saa saba. Asubuhi niliwasimamisha kwenye dirisha la banda hilohilo nikafundisha mmomonyoko wa udongo bila ubao. Makorongo yalikuwa mbele yao, mekundu, na pembeni mwa makorongo msitu uliorudi. Nimefundisha mada hiyo kwa miaka kumi na sita; siku ile peke yake ndiyo sikuhitaji kurudia swali.

Siku ya pili tulikwenda Kolo kwa lori la mahindi kuona michoro ya miambani. Michoro hiyo iliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Eneo lililoorodheshwa ni kilomita za mraba 2,336, na mapango yenye michoro yanakadiriwa kuwa kati ya 150 na 450. Ukiona makadirio yamepishana kiasi hicho, ujue kazi ya kuyahesabu bado ni kubwa. Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, alikuja huku mwaka 1951 kunakili wale watu warefu wembamba na wanyama waliochorwa kwa rangi nyekundu. Wenyeji walikuwa wanapajua zamani: kwenye pango la Mungomi wa Kolo watu hupanda kuomba mvua na uponyaji, na mpaka leo hupandi pale ukiongea ovyo. Mgeni anayetaka kuyaona haya kwa haki yake anahitaji siku mbili, maana mapango yametawanyika na mengine unayafikia kwa kupanda miamba kwa mikono na miguu. Siku mbili zina usiku mmoja katikati, na usiku huo watu walikuja kuulala kwetu.

Walikuja wa kila aina. Wanafunzi wa vyuo wanaopima miti, watazama ndege, familia kutoka Dodoma mjini zinazotaka watoto waone giza lisilo na taa za barabarani. Kina mama kumi na mmoja wa kijiji walikuwa na kikundi cha kupika: uji wa uwele asubuhi, ugali wa mtama na mlenda wa karanga mchana, kuku wa kienyeji kwa aliyeagiza mapema. Vijana waliuza asali. Mmoja wa mama hao aliniambia kwamba ada ya mwanawe ya miaka minne aliihesabu kwa sahani. Hakusema kwa kulalamika, alikuwa ananieleza tu hesabu yake inavyokwenda.

Aprili 2018 barabara ya lami kutoka Dodoma hadi Babati ilifunguliwa rasmi. Tulishangilia, na bado nashangilia. Anayekumbuka basi la Dodoma wakati wa mvua hawezi kuisema vibaya lami. Lakini ilileta jambo ambalo hatukulifikiria. Mgeni sasa anatoka Arusha asubuhi, anasimama Kolo saa moja, anapiga picha, anakula chipsi Kondoa mjini, na magharibi yuko Dodoma. Amepita wilaya nzima ameacha bei ya sahani moja. Barabara nzuri inahitaji sababu ya kumfanya mtu ashuke na mzigo wake. Sisi sababu tulikuwa nayo, na miaka miwili baadaye ikafungwa.

Kufungwa kwenyewe hakuna mengi ya kusimulia. Corona iliingia, ndege zikakoma, wageni wakaisha. Tangazo likabandikwa kwenye mlango wa banda la kwanza: yamefungwa kwa muda. Mwezi wa tano mwaka uleule nchi ilifungua anga, wageni wakaanza kurudi kwingine, kwetu tangazo likabaki mpaka karatasi ikaoza ikaanguka. Mchwa waliingia kenchi za mabanda mawili. Paneli za sola ziliibwa usiku wa mvua. Shimo la choo lilititia. Simtanki lilipasuka kwa jua kwa sababu halikuwa na maji ndani.

Sasa nieleze kwa nini hatuendi kwa Serikali kama watu wanaoomba msaada.

Baba yangu alikuwa kibarua wa HADO. Vijana wa leo wanalijua neno hilo kama jina la mahali tu, "pale HADO", lakini ni Hifadhi Ardhi Dodoma, mradi ulioanza mwaka 1973, mwaka uleule TANU ilipoamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Fedha zilitoka Sweden. Walichimba makinga maji, wakapanda miti, wakaziba makorongo kwa mawe na matawi, lakini udongo uliendelea kukimbia. Mwaka 1979 ikatoka amri kwamba mifugo yote iondoke kwenye eneo lililoharibika, kilomita za mraba 1,256. Ng'ombe, mbuzi, kondoo, wote. Babu yangu alikuwa na ng'ombe kumi na saba. Aliwaswaga kwenda tambarare kwa shemeji yake, na baba, ambaye posho yake ilitoka kwenye mradi huohuo, ndiye aliyetembea naye siku mbili njiani. Nyumbani kwetu habari hiyo haikuongelewa mezani. Nilipokuwa mdogo nilidhani babu ni mtu mkimya kwa asili yake.

Msitu ulirudi. Nalisema bila kusita, na anayebisha apande akatazame. Visiki vya miombo vilichipua, nyasi zikashika udongo, makorongo yakaanza kuota vichaka ndani yake. Hicho ndicho wageni walichokuja kulala nacho dirishani. Kwenye kitabu cha wageni cha mwaka 2014 mwanafunzi wangu mmoja aliandika kwa kalamu ya risasi: "Nimelala mahali ambapo babu alikuwa analisha." Sentensi moja tu, na jina la shule. Nimeisoma mara nyingi kuliko maandishi mengine yoyote ya mwanafunzi.

Kwa hiyo tunapokwenda kudai paa, hatuanzi na sifuri. Kijiji hiki kilishatoa. Kilitoa mifugo, kikatoa malisho, na mpaka leo kinalinda msitu usichomwe. Moto ukionekana kule juu ni vijana wetu wanaokimbia na matawi kabla gari la doria halijafika. Mabanda yalikuwa kitu kimoja kilichorudi mikononi mwetu kutokana na kile tulichotoa.

Barua ya kwanza tuliandika Mei 2022. Niliiandika mimi, kurasa tatu, yenye uchungu mwingi. Nakala tulipeleka halmashauri na kwa ofisi inayosimamia msitu. Halmashauri walijibu kwamba majengo si mali yao, hivyo hawawezi kuyatengea fedha. Ofisi ya pili ilijibu kwamba ombi limepokelewa na litazingatiwa kulingana na upatikanaji wa fedha. Niliisoma barua hiyo kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Bibi mmoja aliyekaa mbele akanyosha mkono akauliza, "Mwalimu, kulingana na upatikanaji ni mwezi gani?"

Sikuwa na jibu. Lile swali ndilo lililonifunza kazi.

Jibu nililipata ndani ya basi, kutoka kwa kijana aliyekaa pembeni yangu akirudi Dodoma. Ni mchumi, kazi yake ni mipango na bajeti kwenye halmashauri nyingine. Nilimsimulia barua yetu. Akaniuliza tuliipeleka lini. Nikamwambia Mei. Akatikisa kichwa: "Mama, mwezi wa tano Bunge linapakua. Ninyi mmeleta mboga watu wameshanawa mikono."

Akachukua daftari langu akaandika, na ukurasa huo ninao hadi leo. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Mwongozo wa mpango na bajeti wa Hazina hutoka kabla mwaka wa kalenda haujaisha, na hapo ndipo kila taasisi inaanza kuandika inachotaka. Mahitaji ya kijiji yanapita mkutano mkuu wa kijiji, yanakwenda Kamati ya Maendeleo ya Kata, halmashauri, kisha Kamati ya Ushauri ya Mkoa. Mambo ya taasisi za wizara yana njia yake, kupitia wizara yenyewe. Mwezi wa tatu kamati za Bunge zinapitia. Aprili hadi Juni Bunge linajadili, na mwisho wa Juni mlango unafungwa. Kila wizara ina namba ya fungu. Ya Maliasili na Utalii ni Fungu 69. Ndani ya fungu kuna vifungu, na ndani yake kasma, yaani mstari wa bajeti wa kila matumizi. "Kitu chenu kisipokuwa na kasma," aliniambia, "hata waziri akiwapenda namna gani hana mfuko wa kukitolea." Akaongeza kwamba kuna njia nyingine pia, Kanuni za Bunge zinawaruhusu wananchi kuwasilisha ombi kupitia mbunge, lakini akashauri tuanze na kasma.

Nilishuka Kondoa nikiwa na hasira na nafsi yangu. Mimi ni mwalimu. Nimefundisha uraia. Nilikuwa nawafundisha watoto kwamba bajeti ni makadirio ya mapato na matumizi, wanaandika, wanapata vema, na mimi mwenyewe sikujua mwezi wa kubisha hodi.

Basi tukaanza upya, safari hii kwa kuhesabu. Mafundi wawili wa kijiji na kijana wa chuo cha ufundi walipanda mlimani siku tatu. Walipima kila paa. Waligonga kila kenchi. Walirudi na orodha ya mabati ya geji 28, mbao za mbili kwa nne, mifuko ya saruji, misumari kwa kilo, kioo kwa kioo. Nililiona zoezi la namna hii mwishoni mwa 2021, shule yetu ilipopata madarasa ya UVIKO, yale yaliyotokana na mkopo wa IMF wa shilingi trilioni 1.3 uliojenga madarasa 15,000 nchini. Yalijengwa kwa fosi akaunti, mafundi wetu wenyewe, kamati ya manunuzi ya watu tunaosalimiana nao kila siku, na nilishuhudia jinsi watu wanavyohesabu misumari wakijua ni ya kwao. Kwa mabanda yote sita, jiko, choo kipya, tangi na sola, jumla ilikuja shilingi milioni 21 na laki nne. Niliangalia namba ile kwa muda mrefu. Miaka yote nilidhani tunaomba mlima wa fedha.

Mimi na wanafunzi wa klabu ya mazingira tulichukua kazi ya vitabu vya wageni. Mzee alikuwa ameviokoa vyote vinne, amevifunga kwenye mfuko wa mbolea na kuvitundika darini kwake panya wasivifikie. Jumamosi mbili tulikaa darasani, mmoja anasoma, mwingine anapiga mistari mitano mitano ubaoni. Kuanzia 2011 hadi Machi 2020, mistari ilifika 1,912. Kila mstari ni mtu aliyelala usiku mmoja au zaidi. Kuna waliotoka Mwanza, Mtwara, Ujerumani, Japani. Kuna maharusi. Kuna dereva wa lori aliyeandika tu "gari bovu, nimelala vizuri". Ile karatasi ya hesabu ndiyo iliyokuwa kiambatisho cha kwanza cha barua mpya, na naamini ilifanya kazi kuliko kurasa zangu tatu za uchungu.

Mkutano wa kijiji wa kupitisha ombi haukuwa mwepesi, na sitaki kuficha hilo. Mama mmoja, jirani yangu, alisimama akasema: tunataka vitanda vya wageni, na mimi nafuata maji korongoni na mwanangu mgongoni? Watu walikaa kimya. Niliweza kumweleza kwamba fungu la utalii na fungu la maji ni mifuko miwili tofauti, tukiacha kuomba hili haliongezi lile. Ni kweli, lakini kwa mtu mwenye ndoo kichwani halimsaidii. Mjadala ulikwenda hadi adhuhuri. Mwishoni yeye mwenyewe ndiye aliyetoa sharti: tangi la mabanda likijengwa, bomba moja litoke nje ya uzio upande wa kijiji. Tuliliingiza kwenye muhtasari kama lilivyo. Akasaini. Nafikiri barua yetu ilikuwa bora kwa sababu ya mama yule, na bado ananiambia kwamba ataamini siku atakapofungua koki.

Novemba 2023 nilipanda basi la alfajiri na bahasha ya kaki: barua, muhtasari wa mkutano wenye muhuri wa mtendaji wa kijiji, saini na vidole gumba vya watu 214, orodha ya mafundi, hesabu ya wageni, picha kumi na mbili. Niliteremka stendi kuu ya Nanenane, nikachukua daladala ya Mtumba. Nilikuwa sijawahi kufika Mji wa Serikali. Zamani barua kama hii ingesafiri hadi Dar es Salaam na kupotelea huko. Sasa wizara ziko umbali wa basi la asubuhi, na mtu wa Kondoa anaweza kupeleka karatasi yake kwa mkono akarudi nyumbani kulala. Napenda watu wa mikoa hii tulitambue hilo na tulitumie.

Masjala alikaa kijana mpole. Aliniita mama, akanipa kiti, akapitia viambatisho kimoja kimoja. Akagonga muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yangu, akaandika namba ya kumbukumbu kwa kalamu, akaizungushia duara. "Ukipiga simu usiseme 'ile barua ya mabanda'. Sema namba hii. Bila namba hakuna wa kulitafuta jalada." Akanishauri nipeleke nakala kwa Katibu Tawala wa Mkoa na mkuu wa wilaya, na kila mahali nihakikishe wanasaini dispachi, daftari la kuthibitisha kwamba barua imepokelewa. Nilikwenda kote siku hiyohiyo. Nilirudi nyumbani saa nne usiku miguu imevimba.

Mwaka ule haikuingia. Juni 2024 nilifuatilia mpaka mwisho, hakuna. Novemba 2024 nikapanda basi tena na bahasha ileile, bei zimesahihishwa, namba ya kumbukumbu ya kwanza imeandikwa juu. Februari 2025 walikuja mhandisi na afisa mmoja, wakapima walichopima mafundi wetu, na vipimo vikalingana kasoro mabati manne. Mhandisi alicheka akampa fundi mkono. Na kwenye mwaka huu wa fedha, 2025/26, tumeambiwa kwa barua kwamba mabanda mawili na choo vimeidhinishwa.

Tulisherehekea. Nilipika pilau. Kisha nikajifunza neno la mwisho, nalo ndilo linalotukabili sasa hivi: kuidhinishwa siyo kutolewa. Fedha inaweza kuwa imeandikwa kitabuni na Bunge limeipitisha, lakini mpaka Hazina iitoe na ifike kwenye akaunti ya ofisi husika, fundi hana cha kununulia hata msumari. Ni Februari. Haijatoka. Ikifika 30 Juni haijatoka, mwaka umefungwa nayo, na tutakuwa tumerudi kwenye foleni.

Kwa hiyo kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi napiga simu, nataja namba, nauliza kwa heshima imefikia wapi. Hawanichoki, au kama wamenichoka hawajaonyesha. Diwani anauliza kwenye vikao vyake. Na Jumamosi ijayo tuna msaragambo: tunasomba mawe na mchanga hadi pale juu, tunafyeka njia, ili fedha ikitua isianze kulipia kokoto. Kuna waliouliza kwa nini tufanye kazi ya Serikali. Msimamo wangu ni kwamba mawe na mchanga vipo kwetu, tuvitoe. Paa, choo na tangi ni vya Serikali, na hapo hatutalegeza wala kukubali kuchangishana kaya kwa kaya kwa ajili ya bati. Nimeona vijiji vilivyochanga mpaka wakasahau kwamba waliahidiwa.

Ndugu zangu mliotoka huku mkaenda Dodoma mjini, Dar, Arusha, popote, nina ombi moja dogo. Kama ulilala kwenye mabanda kati ya 2011 na 2020 na una picha, hata ya simu ya zamani yenye ukungu, mpe ndugu yako aliyebaki Kondoa ailete shuleni. Andika nyuma mwaka na mlikuwa wangapi. Tunaandaa kiambatisho cha mabanda manne yaliyobaki, na mwongozo wa bajeti ijayo umeshatoka. Wapo wa kundi langu la 2014 ambao najua mlipiga picha ya komba. Nazitaka hizo.

Kuhusu Ijumaa, tumekubaliana jana palepale mkekani. Kijana wa klabu ya mazingira atapanda badala ya mzee, na mzee atamwelekeza kwa simu dirisha lipi lina komeo bovu. Funguo tano amempa. Ya namba tatu, ile yenye kutu, amenipa mimi nimefungia kwenye ncha ya mtandio. Jumatatu naipeleka kwa fundi wa funguo Kondoa mjini atuchongee nakala mbili.